Meli ya Plaiwudi ya Malvern

Mwaka 2018, kuanzia Aprili hadi Julai, nilikuwa najenga meli Johannesburg. Watu wa Mayfair, mtaa ninaokaa, walinicheka mpaka wakachoka. Kuna Msomali mmoja muuza simu, kila nikitoka msikitini alinipigia kelele kutoka mlangoni kwake: "Nuhu! Mvua lini?" Nikawa namjibu kwamba siku ikinyesha, yeye namwacha. Bahari ya karibu na hapa ni Durban, mwendo wa nusu siku kwa basi, na mwezi wa Julai hatuoni hata wingu.

Meli yenyewe ilikuwa ya plaiwudi. Serikali ilikuwa inapanga kununua meli mpya ya utafiti, ya kwenda Antaktika, kule kwenye barafu mwisho wa dunia. Meli ya namna hiyo huendi dukani ukasema nipe ile nyeupe. Inachorwa kwanza, miaka miwili, mitatu. Halafu michoro inapelekwa kwa viwanda vya meli vya nje vishindanie zabuni, na kiwanda kitakachoshinda kinajenga kilichochorwa, pamoja na kasoro zake. Mlango ukiwa mahali pabaya kwenye karatasi, unafutwa kwa raba. Ukiwa mahali pabaya kwenye chuma, watu wanaitana mahakamani.

Kwa hiyo kampuni ya wahandisi iliyopewa kazi ya kuchora ilikodi ghala nyuma ya Mtaa wa Jules, Malvern, lililokuwa la fanicha zamani. Walitaka sehemu ya nyuma ya meli ijengwe mle ndani kwa mbao, ukubwa ule ule wa kweli: mlango wa sitaha, korido, maabara mbili, ngazi, chumba cha hospitali. Ikishakwisha, wanasayansi na mabaharia waje watembee ndani yake na mizigo yao, waseme wapi wanakwama.

Kazi aliipata Gustave. Gustave ni mtu wa Lubumbashi, amekaa Malvern miaka mingi, anajenga vibanda vya maonyesho na kaunta za maduka. Alikuwa na watu sita. Mimi nilikuwa fundi seremala wake mkubwa, Bakiri, mtu wa Tanga. Masika, mama wa Butembo, ndiye alikuwa anapaka rangi na kuandika namba za vyumba. Wengine walikuja na kuondoka.

Siku ya kwanza alikuja mhandisi, Bi Refilwe, msichana mwembamba wa Soweto mwenye kofia ya plastiki iliyomzidi kichwa. Alisimama juu ya kreti akasema, na Gustave akatutafsiria: "Jengeni kilichochorwa. Hata mkiona ni ujinga, jengeni ujinga huo huo. Msibadilishe kitu bila karatasi yangu. Mkibadilisha, mkataba umekwisha."

Sote tukasema sawa. Gustave akasema sawa mara mbili.

Majaribio yalifanyika Alhamisi, wiki ya pili ya Julai. Walikuja watu tisa kwa ndege kutoka Cape Town, kila mmoja na begi kubwa. Ndani ya mabegi kulikuwa na nguo zao za barafu: ovaroli nyekundu nene, viatu kama ndoo, glavu za kumfanya mtu asiweze kushika hata kijiko. Wakazivaa mle ghalani, maana korido inayompitisha mtu wa shati si lazima impitishe mtu wa nguo hizo. Masika alijificha nyuma ya makopo ya rangi akicheka.

"Papa Nasra, tazama," aliniambia. Nasra ni binti yangu. "Bale bantu bamevaa magodoro."

Mkubwa wao alikuwa Kapteni Adonis, mzee mfupi wa Cape Town mwenye ndevu nyeupe, amekwenda kwenye barafu zaidi ya mara ishirini. Alishika ubao wa karatasi na kila jaribio alilitia alama. Mama mmoja mwanasayansi alipita na bomba la plastiki la mita tatu, la kuchukulia matope ya chini ya bahari. Likapita. Wawili wakabeba friji. Ikapita. Mmoja akapanda ngazi akiwa na ndoo mbili. Akapanda vizuri. Gustave alikuwa anatembea nyuma yao mikono mgongoni, kama baba wa bibi harusi.

Jaribio la mwisho lilikuwa la machela. Kapteni alitueleza sababu yake. Kwenye meli moja aliyofanya kazi zamani, kamba ya chuma ilikatika kwenye sitaha ya nyuma ikamvunja baharia miguu yote miwili. Wakamfunga kwenye machela wakaingia naye ndani, na kwenye kona ya kwenda hospitali machela ikakataa kupinda. Wakaisimamisha wima, kama mnavyosimamisha kabati, mtu akiwa ndani.

"Alipiga kelele," Kapteni alisema, "halafu akaacha kupiga kelele. Hiyo kona ndiyo iliyonileta hapa. Mengine yote wangeweza kuyajaribu bila mimi."

Wakataka mtu mzito wa kulala. Kilo tisini na zaidi. Watu wote wakanigeukia.

"Bakiri," Gustave alisema, "leo chakula ya Biubwa inapata kazi."

Biubwa ni mke wangu, anatoka Unguja, na mtu hakondi nyumbani kwake. Nikalala. Wakanifunga mikanda mitatu, kifuani, kiunoni na magotini. Ukishafungwa hivyo huwezi hata kujikuna pua. Wanaume wawili wenye nguo nyekundu wakaninyanyua kwenye mlango wa sitaha, wakaingia nami koridoni. Nilikuwa natazama dari niliyoipigilia mwenyewe. Niliona skrubu moja imekaa upande, nikajisikia vibaya. Halafu tukafika kwenye kona. Miguu yangu ikapita, kiuno kikapita, kichwa kikapita.

"Tena," Kapteni alisema. "Haraka zaidi."

Tulikwenda mara nne. Mara ya nne walikuwa wanakimbia, na kiwiko changu hakikugusa ukuta. Wakanitua mlangoni mwa hospitali, watu wakapiga makofi. Kapteni alikuja, akauweka ubao wake juu ya tumbo langu kwa kuwa hapakuwa na meza karibu, akasaini.

"Kona nzuri kuliko zote nilizopita," alisema. "Iacheni hivi hivi ilivyochorwa."

Kalamu ilikuwa bado inasugua tumboni kwangu nilipokumbuka. Kona ile haikuwa kama ilivyochorwa.

Mwezi wa Mei, tulipokuwa tunaingiza plaiwudi za maabara, zote zilipita koridoni humo. Kwenye mchoro, pale kwenye kona, kuna boksi la kufunika bomba la hewa. Linatoka ukutani sentimita thelathini na kupanda hadi dari. Nililijenga kama lilivyo. Kila nikipita na plaiwudi, linanigonga nyonga au linachubua ukingo wa mbao. Siku ya tatu nikachukua msumeno. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na stoo tupu. Nikalirudisha boksi ndani ya stoo, nikaufunga ukuta, nikasawazisha kwa msasa. Masika akapaka rangi. Ilichukua saa moja. Kazi safi. Seremala akiona kitu kimekaa vibaya anakitengeneza, ndivyo nilivyofundishwa Tanga tangu nilipoacha shule darasa la sita, na sikuwahi kukaa nikifikiri kwamba safari hii nilikuwa nalipwa ili kitu kikae vibaya watu wakione.

Wageni wakaondoka saa nane kuwahi ndege. Machela waliiacha. Nikachukua futi nikapima kona: mita moja na sentimita ishirini. Nikatafuta maboksi ya karatasi yaliyoletea makopo ya rangi, nikayapanga kwenye kona mahali palipokuwa na boksi la bomba, sentimita thelathini kamili. Nikamwita Masika.

"Shika upande wa kichwa," nilimwambia.

Tulibeba machela tupu. Kwenye kona ikakwama. Tukarudi nyuma, tukajaribu kuanza na kichwa. Ikakwama. Tukaiinamisha, ikakwama ikiwa imeinama. Masika akaangalia maboksi, akaniangalia mimi.

"Ile kipande ulikata," alisema. "Mi nilipaka rangi hapa."

"Ndiyo."

"Na yule muzee amekwisha kusaini."

"Kwenye tumbo langu."

Hakucheka. "Unapashwa kumwambia patron."

Gustave alikuwa nje anaongea na simu, uso unang'aa. Alikuwa ameahidiwa awamu ya pili: kujenga chumba cha usukani cha meli ile ile, kazi ya kuanzia Agosti hadi mwakani. Kwa watu kama sisi, kazi ya miezi minane mahali pamoja ni kitu cha kusimulia. Nilimngoja amalize, nikamwambia yote, kwa ufupi, kama ilivyokuwa.

Alifuta kioo cha simu kwenye shati. Halafu akacheka.

"Bon. Umeniambia. Sasa sahau."

"Bosi, machela haipiti."

"Imepita. Mara ine. Watu tisa baliona."

"Imepita kwenye kona yangu. Michoro haina kona yangu."

"Bakiri, sikia." Akanishika bega. "Ile meli itajengwa lini? Miaka mingapi? Kule kwa kiwanda kuko wahandisi bengine, bakubwa kuliko huyu mutoto ya Soweto. Bataona."

"Wasipoona?"

"Basi mugonjwa atatembea kwa miguu!"

Aliona kwamba maneno yale yamekaa vibaya. Akashusha sauti. "Vieux, mzee wangu, nisikilize. Refilwe anakuya kesho saa tisa kukamata karatasi zenye sahihi. Jumatatu zinaenda na michoro, zabuni inatoka. Ukifungua kinywa, tumebadilisha bila karatasi yake. Mukataba umekufa. Masika anarudi kusuka nywele kwa barabara. Weye unarudi kutengeneza vitanda. Juu ya boksi moja ya bomba? Sentimita makumi tatu?"

Nilikwenda kufagia korido ambayo ilikuwa imefagiwa.

Nilipofika nyumbani sikuweza kukaa. Nilikaa, nikainuka, nikakaza bawaba za kabati ambazo hazikulegea. Chakula kilinishinda. Nikilala chali naona dari na mikanda mitatu, nikilala ubavu naona mkono wa Kapteni unasaini. Asubuhi Biubwa akasimama katikati ya jikoni, akaweka mikono kiunoni kama askari.

"Baba Nasra, tangu jana umefungua friji mara kumi na hujatoa kitu. Una nini?"

Nikamwambia.

"Kazi ikienda tutakula nini?" aliuliza.

"Sijui."

"Na usiposema?"

"Tutakula."

Akaanza kuosha vikombe. "Mimi naogopa njaa, sikufichi," alisema akinipa mgongo. "Lakini hivi ulivyo leo, hata ukila kitakaa wapi? Nenda huko. Ukirudi urudi mtu mmoja."

Niliswali Ijumaa pale pale Mayfair na sikumbuki hotuba ilihusu nini. Nilikuwa natazama saa ya ukutani. Baada ya salamu sikungoja mtu. Nilikwenda kwa miguu mpaka mjini, na mjini badala ya kupanda teksi nikaendelea kwa miguu, nikashika Mtaa wa Jules kutoka mwanzo wake. Ni mtaa ulionyooka kama rula, maduka ya vipuri na matairi pande zote, robot baada ya robot, ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani, na kila robot nyekundu ilikuwa inaniuliza swali lile lile. Moshi wa nyasi zilizoungua ulikuwa umekaa juu ya mji. Mara mbili niligeuka nirudi. Mara ya pili nilikuwa nimeshatembea hatua thelathini hivi kurudi mjini, muuza mahindi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikaona aibu, nikageuka tena.

Nilifika saa tisa kasorobo. Gustave alikuwa amesimama mlangoni, ameuziba.

"Umeswali?" aliniuliza.

"Nimeswali."

"Enda uswali tena. Mungu yuko na nafasi leo."

"Nipishe, bosi."

"Nakulipa leo nzima. Enda nyumbani, bana. Nakuomba."

Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa mekundu, na nikajua kwamba na yeye hakulala vizuri. Gari la Refilwe likaingia uani wakati tumesimama hivyo, vifua vinakaribiana kama majogoo. Akashuka na kofia yake kubwa.

"Kuna tatizo?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Hakuna," alisema Gustave.

"Lipo," nilisema mimi. Kiingereza changu ni cha kuombea kazi tu, lakini kilitosha. "Madam, njoo uone kona. Kona si ya mchoro wako. Ni yangu."

Nikampeleka. Nikagonga ukuta kwa ngumi pale palipokuwa na boksi, ukalia wazi. Alitoa futi yake mfukoni, akapima, akafungua mchoro juu ya sakafu, akapima tena. Alichuchumaa pale muda mrefu. Masika alikuwa amekuja na brashi mkononi. Gustave alisimama nyuma yetu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa linanigonga."

"Eish," alisema. Aliivua ile kofia, akajifuta paji la uso ingawa kulikuwa na baridi. "Lilikuwa linakugonga. Na hukuniambia."

"Nilikuwa na msumeno."

Hilo sikulisema kwa ujeuri. Ndiyo ilikuwa sababu yote. Aliniangalia kama anayetafuta wapi pa kuanza kukasirika, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. Katika matembezi yote yale ya Mtaa wa Jules sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

"Ni wapi pengine?"

Nikafungua kinywa kusema hakuna pengine. Nikaona mlango wa maabara ya kwanza. Ulichorwa ufunguke kwa ndani, ukafunga njia ya sinki. Mimi niliugeuza ufunguke nje. Nikaona meza ya hadubini, ambayo niliishusha kidogo kwa sababu mtu wa kawaida asingeifikia. Nikaona rafu.

"Mlango," nilisema. "Na meza. Na rafu, nadhani mbili."

"Taa," alisema Masika kwa Kiswahili, akionyesha kwa brashi. "Mwambie. Swichi ya taa ilikuwa nyuma ya mlango. Mi niliipeleka upande huu. Nani anatafuta swichi nyuma ya mlango?"

Nikamtafsiria. Refilwe alikuwa ameanza kuandika.

"Nani mwingine?" aliuliza.

Nje gari la takataka lilikuwa linarudi nyuma, linapiga pi pi pi. Lilipomaliza, Gustave akakohoa.

"Ngazi," alisema.

Nikageuka.

"Ngazi ni mimi," alisema, anatazama viatu vyake. "Vidaraja vilikuwa vifupi. Mutu hawezi kuweka mguu muzima. Nikatoa kimoja, vingine nikavitanua."

"Weye?" nilimwuliza. "Weye uliyeniambia nisahau?"

"Nyamaza, Bakiri."

"Jana ulikuwa unafuata yule mtu wa ndoo mbili nyuma, unatabasamu!"

"Alipanda muzuri, au hakupanda?"

Masika akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mkono wenye rangi, akabaki na sharubu nyeupe. Refilwe hakuelewa maneno lakini alielewa. Alikaa chini sakafuni, juu ya mchoro wake.

Jumamosi na Jumapili tulipima meli yote. Refilwe alisoma mchoro kwa sauti, mimi nilishika futi, Masika akabandika karatasi nyekundu kila mahali palipotofautiana. Gustave alifanya kazi bila kuniangalia. Akitaka nyundo iliyo karibu nami, anamwomba Masika, na Masika ananiomba mimi. Mpaka Jumapili jioni karatasi nyekundu zilikuwa arobaini na moja. Meli ilikuwa kama mgonjwa wa surua. Arobaini na moja, na hakuna hata moja iliyofanywa kwa uvivu. Pale tulipofanya kazi kwa uvivu, tulikuwa tumefuata mchoro.

Jumatatu kifurushi cha zabuni hakikuondoka. Wakubwa wa Refilwe wakampigia Gustave simu, na dakika nne zikatosha. Tulitakiwa kurudisha kila kitu kama kilivyochorwa, majaribio yarudiwe, halafu tubomoe. Chumba cha usukani watapewa watu wengine. Gustave alirudisha simu mfukoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya. Imekufa." Akaenda kutafuta msumeno.

Niliposikia hivyo nilijisikia kama mtu aliyemsukuma mwenzake ngazini. Lakini nilikula siku hiyo. Sitasema uongo, nilikula sahani mbili.

Kazi ya siku mbili zilizofuata ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mbao. Nililitoa boksi stoo, nikalirudisha kwenye kona litokeze sentimita thelathini. Niliugeuza mlango ufunge njia ya sinki. Kila mara mkono ulikuwa unataka kusogea kidogo tu, nusu sentimita, upunguze ubaya. Masika alisimama nyuma yangu na futi kama mwalimu mkuu.

"Papa Nasra. Rudisha."

"Nimerudisha."

"Imebaki milimita tano. Nakuona."

Alhamisi Kapteni Adonis akaja peke yake, bila mabaharia wake. Aliingia, akatembea korido yote, akafika kwenye kona, akaliwekea boksi kiganja. Alimwuliza Refilwe nani wa kumlaza. Kabla sijajitolea akasema hapana, huyo ameshalala ya kutosha, leo nalala mimi. Akavua koti akajilaza. Tukamfunga mikanda. Gustave akashika kichwani, mimi miguuni.

Tuliingia kwa mwendo mzuri. Kwenye kona, upande wangu ukapita nusu, ubavu wa machela ukagonga boksi. Nikasimama.

"Sukuma," alisema Gustave.

"Haipiti, bosi."

"Sukuma, nakuambia! Inamisha kushoto!"

Bado alikuwa anataka ipite. Kazi ilishakwenda, mkataba ulishakufa, na mtu yule alikuwa anasukuma kwa mabega, mishipa ya shingo imemtoka. Tukainamisha kushoto. Kapteni akateleza, akaning'inia kwenye mikanda, uso umebanwa na plaiwudi. Akatukana kwa Kiafrikaans, maneno ambayo kila fundi wa mji huu anayajua. Tukainamisha kulia. Tukarudi nyuma. Tukajaribu juu, kama kubeba sofa. Tulikwama hivyo labda dakika tatu, na hata Refilwe aliyekuwa na saa mkononi aliacha kuitazama.

"Nishusheni," Kapteni alisema mwisho, taratibu.

Tukamshusha pale pale, nusu yake upande huu wa kona, nusu upande ule. Alibaki amelala anahema, ndevu zimejaa vumbi la mbao, viganja vyake tu vimechomoka juu ya mkanda wa kifua. Akamwomba Refilwe ile karatasi yenye sahihi ya wiki iliyopita, akaichana vipande viwili juu ya kifua chake mwenyewe.

Halafu akanitazama kutoka chini. "Hii kona," alisema. "Ingekuwa nyumba yako, ungefanyaje?"

"Bomba liende stoo," nilisema. "Kuna nafasi."

"Stoo hapana!" Gustave alidakia, na Kiingereza kikamponyoka chote. "Mwambie hapana. Stoo watajaza vitu, bomba litapigwa. Bomba lipite juu, kwa dari, hapa, na dari ishuke kidogo tu."

"Dari ikishuka mtu mrefu atagonga kichwa."

"Nani murefu? Tazama huyu!" Akamwonyesha Kapteni.

"Wazungu wa barafu ni warefu, uliwaona mwenyewe."

"Weye unajua nini kuhusu hewa? Hewa inataka kupita juu!"

Masika alikuwa ameshachovya brashi na kuanza kuchora mstari mwekundu ukutani, bomba linavyoweza kukatwa likapita kwa chini, nyuma ya ngazi, wazo ambalo sisi wawili hatukuwa nalo. Gustave akamwambia apishe, hajui, akamnyang'anya brashi. Masika akairudisha mkononi mwake. Nami nikachukua penseli sikioni. Refilwe alipanda juu ya kreti akawa anapiga picha ukuta, anauliza, "Hii ni nini? Na hii? Subirini, mmoja mmoja." Hakuna aliyesubiri. Gustave alikuwa ananielekea mimi sasa, ananirushia mate ya maneno usoni, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na mimi namrushia yangu.

Tulikuwa tumefika kwenye ukuta wa pili kwa mistari pale sauti ilipotoka chini, kwenye miguu yetu, ikiuliza kama kuna mtu yeyote mwenye nia ya kumfungua ile mikanda.